Sekunde Nane za Kimya

"Maji yakipata moto sana," alisema Mwalimu Siwema, kidole kimeinuka juu kana kwamba mbele yake walikuwapo watoto sitini na si meza iliyojaa nyaya, "yanageuka kuwa mvu...?"

Akanyamaza, akingoja.

Upande wa pili wa kioo, Sikitu Msengi alikuwa na jibu mdomoni. Silabi moja tu. Lakini kanuni ya chumba cha majaribio ilisema fundi asitoe sauti mjaribu anapoongea, na Sikitu alikuwa mtu wa kutii kanuni, hasa kanuni zinazomruhusu kunyamaza. Akaitazama kompyuta yake. Sekunde nne. Tano. Kidole cha Mwalimu bado kiko juu, nyusi zimepanda, macho yakimsihi yeyote yule amalizie. Saba.

Nane.

Zumari, kifaa cha kumsemea kilichofungwa kooni mwa Mwalimu, ikazima. Taa yake ya kijani ikafa, ikawaka nyekundu, kisha wimbo wa kampuni ukaanza kulia kutoka shingoni mwa mama mtu mzima: *tiri-tiri-tiii, Zumari, sauti yako ni fahari yetu*. Kuamka kulichukua sekunde arobaini. Muda wote huo Mwalimu alibaki mdomo wazi bila sauti, na kidole akakishusha taratibu, kama mtu aliyevuliwa kilemba mbele ya wakwe.

Sauti iliporudi ilirudi na moto wake.

"Nani kanikata kauli?"

"Shikamoo Mwalimu," Sikitu alisema kwenye kipaza sauti. Walikwisha kuamkiana asubuhi, ila hakujua aanzie wapi.

"Marahaba ya pili hiyo. Nimeuliza, nani kanikata kauli?"

"Ni mashine, Mwalimu. Ilidhani imekwama."

"Imekwama wapi? Mimi nilikuwa nawangoja mseme 'ke'! Miaka thelathini na moja nimefundisha, hakuna mtoto aliyewahi kuniacha na 'mvu' mkononi."

Sikitu alicheka kidogo, kisha akaona aibu kwa kucheka.

"Na wewe binti," Mwalimu aliendelea, akiusogelea uso wake kwenye kioo, "mbona unanong'ona? Mimi nimepoteza sauti na bado nagomba. Wewe unayo nzima, umeificha wapi?"

* * *

Ziwa la chumvi lilipokauka, upepo ulilibeba lile vumbi jeupe ukaliingiza mjini misimu sita mfululizo, na makoo ya watu yakaungua. Watoto wa Singida waliozaliwa baadaye walidhani ni kawaida bibi kuwa na chuma shingoni. Zumari ilisoma mitikisiko ya misuli ya koo, ikajua mtu anataka kusema nini, ikamsemea. Watu elfu nne mia moja na kumi na wawili waliivaa. Walioitengeneza walikuwa mafundi kumi na mmoja, na kati yao ni mmoja tu, Sikitu, aliyejua kuandika kiamsho.

Kiamsho kilikuwa programu ndogo kuliko zote ndani ya zumari. Ndicho kilichoamka kwanza, kikaangalia kama programu kuu, ile ya kusema, ni nzima, kisha kikaikabidhi kazi na kujilalia. Hakuna aliyekisifu. Sikitu alikipenda kwa sababu hiyohiyo.

Sasa alikuwa ameagizwa akiongezee mlinzi: saa ndogo isiyosikiliza kisingizio. Kila baada ya muda saa hiyo ilibisha hodi kwa programu kuu, na programu ilipaswa kuitikia "karibu". Isipoitikia ndani ya sekunde nane, saa ilihesabu kwamba mwenye nyumba amekufa, ikakata umeme na kuwasha kila kitu upya. Mafundi waliiita saa ya hodi. Asubuhi ya kwanza ilipofungwa ndani ya zumari ya mezani, Sikitu alisahau kwamba programu kuu huchukua sekunde arobaini kuamka. Saa ikabisha hodi, ikakuta watu wamelala, ikazima. Ikawasha, ikabisha, ikazima. Wimbo wa kampuni ulilia mara kumi na saba, karakana nzima ikicheka, mpaka alipoichomoa betri. Baadaye alikifundisha kiamsho kuitikia kwa niaba ya programu kuu mpaka iamke kabisa, na jambo hilo likaisha.

Hili la Mwalimu halikuwa la kuisha hivyo.

"Kosa ni letu," alimwambia Injinia Zakayo Ntandu, mkuu wa karakana, mchana ule. Alisimama mlangoni mwa ofisi yake, mkono kwenye fremu. "Programu kuu inaitikia 'karibu' pale sentensi inapokamilika. Sentensi isipokamilika, haiitikii."

"Na ni nani anayeiacha sentensi njiani kwa sekunde nane?" Ntandu hakuinua macho. "Tulipima. Kimya kirefu kuliko vyote kilikuwa sekunde tatu na nusu."

"Tulipimia kantini, bosi."

"Wewe si ulikuwepo?"

Alikuwepo. Vijana thelathini wa ofisini, zumari za kuazima, foleni ya chai. *Mambo? Poa. Umekula? Bado.* Hakuna aliyeambiwa asimulie hadithi. Hakuna aliyemwonya mtoto kwa nusu ya methali na kumwachia nusu nyingine aibebe mwenyewe. Hakuna mjane aliyeulizwa habari za nyumbani. Walioiandika programu walijifunza chuoni kwamba sentensi huishia kwenye nukta, wakasahau kwamba katika nchi hii nusu ya sentensi humaliziwa na mtu mwingine.

Aliyasema haya yote, kwa sauti iliyokuwa ikishuka kila neno, na Ntandu ikabidi ainame mbele ili asikie.

"Basi tutairekebisha programu kuu," alisema Ntandu.

"Programu kuu mpya inachukua miezi saba kwa wakaguzi. Kiamsho kinarushwa hewani kwenda kwenye zumari zote Ijumaa hii. Na kikishafungwa hakifunguliki tena, umeagiza mwenyewe. Miezi saba watakatwa kauli. Wazee hasa, na wenye kigugumizi."

"Miezi saba ya usumbufu."

"Si usumbufu, bosi."

Ntandu akaweka kalamu chini. Alikuwa mtu mpole, mwenye mvi za mapema, na alipoongea tena hakukuwa na ubosi katika sauti yake.

"Mdogo wangu, kaa."

Hakukaa, lakini aliingia ndani.

"Baba yangu aliangukiwa na ukuta wa zizi. Zumari yake ikapata mshtuko, ikakwama. Siku mbili alilala pale, na alipotolewa hakuishi. Watu walipita hatua thelathini kutoka alipo, wakienda kuvuna alizeti. Mmoja ni binamu yangu. Alisikia mlio mdogo kama wa nyuki, akadhani ni nyuki. Zumari ilikuwa imekwama kwenye herufi moja. Ingezimwa na kuwashwa mara moja tu, angepiga yowe. Kwa hiyo unaponiambia kuhusu mwalimu aliyengojea 'ke', nakusikia. Lakini namsikia na yule nyuki."

Sikitu alirudi mezani kwake, na kwa muda mrefu alishindwa kuandika hata mstari mmoja, maana alimwonea huruma sana yule mzee, na huruma haikumwambia lipi ni sahihi.

* * *

Jibu alilopata Jumanne lilitoka kwenye adabu za kawaida za mlangoni.

Mgeni mwenye adabu habomoi mlango kwa hodi moja. Hubisha, akangoja, akabisha tena, akangoja, ya tatu, ndipo anapoamua. Na humbishia mwenye nyumba mwenyewe. Sasa, programu ilikuwa mtumishi tu wa ndani. Mwenye nyumba alikuwa yule aliyeivaa. Kwa nini saa imuulize mtumishi na kumruka mwenyewe?

Akaandika upya. Programu kuu isipoitikia kwa sekunde nane, kiamsho kingeitikisa zumari taratibu kooni, kama kifundo cha kidole kwenye mbao. Mvaaji akiigusa mara moja, imejua: yupo, ananyamaza kwa hiari yake. Asipoigusa, hodi ya pili. Ya tatu. Hapo ndipo izime na kuwaka upya. Sekunde ishirini na nne badala ya nane.

Tatizo likawa nafasi. Kiamsho kilitengewa baiti elfu nane, na zilizobaki zilikuwa tisini na saba. Hodi tatu zilihitaji mia tano themanini na nane. Sikitu alibana kila alipoweza kubana, akapata hamsini. Akaipitia orodha yote kutoka juu hadi chini, na kwenye mstari wa mia tatu akakutana na *tiri-tiri-tiii*. Baiti mia sita na arobaini.

Aliufuta bila hata kumeza mate.

"Umeufuta wimbo wa Mkurugenzi?" Ntandu aliuliza alipooneshwa. Kwa mara ya kwanza wiki ile uso wake ulilegea. "Unajua aliutunga mwenyewe? Ile 'fahari yetu' alikaa nayo wiki nzima."

"Ilionekana, bosi."

Ntandu akacheka kwa puani. Akaichukua zumari ya majaribio, akajifunga kooni, akaanza sentensi na kuiacha njiani. Hodi ya kwanza ikamtikisa. Akaigusa. Ikatulia. Akarudia bila kuigusa: hodi, hodi, hodi, ikazima, ikawaka, bila wimbo. Alitikisa kichwa polepole kwa kukubali.

"Ishirini na nne," alisema. "Baba alingoja siku mbili. Ishirini na nne angezivumilia."

Sikitu angeweza kunyamaza hapo. Alijua kwamba akinyamaza, ameshinda. Vidole vyake vilikuwa vinazungusha kifuniko cha kalamu.

"Kuna jambo jingine, bosi. Nimelipima jana na leo. Mtu akitetemeka sana, kwa homa au kwa maumivu, zumari inaweza kudhani ameigusa. Itadhani amesema karibu. Na itabaki imekwama."

Ntandu aliivua zumari.

"Mara ngapi?"

"Kwa wanaotetemeka, mara tatu katika mia."

"Baba alikuwa anatetemeka," alisema Ntandu. "Binamu yangu alisema walipomkuta, hata majani yaliyokuwa juu yake yalikuwa yanatetemeka."

"Najua, bosi. Ndiyo maana nimekwambia."

Nje, mtu alikuwa akisukuma toroli la mitungi na gurudumu moja linalia.

"Futa," alisema Ntandu. "Rudisha ile ya sekunde nane. Wimbo uache ulivyofutwa, nitajua la kumwambia Mkurugenzi."

"Tunaweza kuziweka zote mbili. Kumebaki nafasi. Biti moja tu kwa kila zumari: sifuri ni sekunde nane, moja ni hodi tatu. Mvaaji achague mwenyewe."

"Achague? Sikitu, hawa ni watu wa kijijini. Utamweleza nani habari ya kiamsho na mtetemo na tatu katika mia? Kazi yetu ni kubeba mzigo huo ili wao wasiubebe."

"Wanabeba chuma shingoni, bosi. Hilo nalo ni jambo dogo?"

Aliposema hivyo alishangaa. Hakuwa amenong'ona.

* * *

Alhamisi saa nne asubuhi barua ilikuwa tayari. Ntandu aliileta mwenyewe, hakumtuma karani.

Kiamsho hakikuweza kurushwa bila saini mbili: ya mkuu wa karakana na ya mwandishi wake. Kila saini ilikaa ndani ya kipande cha plastiki kinachoning'inizwa shingoni kwa kamba, na kila kipande kilifunguka kwa kidole gumba cha mwenyewe tu. Kumsajili mwandishi mwingine kungechukua wiki sita.

"Chaguo ni lako," Ntandu alisema. "Saini ile ya sekunde nane leo, au upokee hii. Ni ya kukuondoa kazini. Mkurugenzi ameshaitia mkono. Nimemsihi, nakuapia."

"Naamini, bosi."

"Basi saini. Kila wiki tunayochelewa kuna zumari zinazokwama, na ukiwa nyumbani umekaa bado zitakwama. Hilo nalo litakuwa mikononi mwako."

Hilo lilimchoma, kwa sababu lilikuwa kweli. Aliliacha lichome. Alimfikiria mzee chini ya ukuta. Alimfikiria Mwalimu Siwema na kile kidole kikishuka. Hakuona namna ya kuwapima watu hao wawili kwenye mizani moja, na ghafla akaelewa kwamba hakuna aliyemwomba mizani. Wenye makoo walikuwa hai. Walikuwa hapo chini, ghorofa moja tu, kwenye ukumbi wa kliniki ya Alhamisi.

"Sisaini," alisema.

"Dada Sikitu."

"Sisaini kitu kisichofunguka tena, kwenye shingo ya mtu ambaye hajaulizwa. Nikishawauliza, wanachosema nitakisaini, hata kama ni hicho chako. Barua nitaipokea nikirudi."

Akaichukua kalamu na daftari, akapita pembeni yake.

"Unakwenda wapi?"

Alikuwa tayari kwenye ngazi.

Ukumbini walikuwapo watu kama hamsini, kwenye viti vya plastiki, wakingoja kubadilishiwa betri na kusafishiwa vichujio. Sikitu alisimama mbele, karibu na ndoo ya kunawia mikono. Mtu wa kwanza aliyemtazama alikuwa mtoto mchanga. Wa pili alikuwa mzee mwenye kofia ya mgodini.

"Samahani," alisema. Hakuna aliyesikia. Akavuta pumzi. "Samahani wazazi wangu! Shikamooni!"

"Marahaba," ukumbi ukaitikia, sauti za mashine kwa pamoja, baadhi zikichelewa.

Akaeleza. Hakuwaambia neno kiamsho. Aliwaambia kwamba zumari huweza kukwama, na mtu mmoja amekwisha kufa hivyo. Aliwaambia kuna saa mbili za kuilinda. Ya kwanza ni kali: ukinyamaza katikati ya sentensi sekunde nane, inakuzima na kukuwasha, na kwa sekunde arobaini huna sauti. Ya pili inakubishia hodi tatu kooni kabla ya kuzima. Lakini ukiwa unatetemeka kwa maumivu, huenda ikakosea na kukuacha bubu, mara tatu katika mia. Hakulainisha popote. Aliposema "bubu" sauti yake ilipasuka kidogo, akalisema tena vizuri.

"Nataka kila mmoja aniambie anataka ipi. Nitaandika jina na jibu."

Ntandu alikuwa amefika mlangoni, barua mkononi. Hakuingia, wala hakumzuia.

Mzee mwenye kofia alikuwa wa kwanza kuinuka.

"Naitwa Gwao," alisema. Zumari yake ilikuwa ya zamani, yenye mkwaruzo. "Mimi ni mtu wa mashimoni. Dhahabu. Mimi nataka..." Akanyamaza. Alikuwa anafikiri, na shavu lake lilikuwa linacheza. Sikitu alingoja, kalamu juu ya karatasi. "...ile ya sekunde nane. Nikifukiwa nitatetemeka, nani hatetemeki? Mambo ya kubishiana hodi huko chini sina haja nayo."

Sikitu akaandika: *Gwao, nane.*

"Ewe zee la mashimoni!" Mwanamke mwenye khanga ya njano aligeuka kwenye kiti chake. "Uwekewe wewe hizo nane zako! Mimi Mwajabu nina wajukuu saba, nikisimulia ngano nawaacha hapo fisi anapofungua mlango, nawaacha hasa, mpaka wanifinye. Nizimwe fisi akiwa mlangoni? Kwani mimi ni redio, nizimwe na kuwashwa?"

Watu wakacheka, vicheko vya mkwaruzo vya mashine hamsini.

"Ukifukiwa je?" Gwao akauliza.

"Nifukiwe na nini, na wajukuu?"

"Na nyumba!"

"Basi nitatetemeka kwa adabu!"

Wakaanza kubishana, safu kwa safu, mtu na jirani yake. Mmoja aliuliza kama anaweza kuwa na nane mchana na hodi usiku. Mwingine alitaka kujua kama mtetemo utamwamsha mkewe. Binti mmoja mwenye kigugumizi alisimama, akahangaika na neno lake la kwanza mpaka jasho likamtoka, na hakuna aliyemmalizia. Sikitu alikuwa anaandika haraka, *Mwajabu, hodi*, na ilimjia kwamba kwa miaka yote aliyofanya kazi humo ndani, hajawahi kuwasikia wakigombana.

Gwao ndiye aliyemwona Ntandu.

"Na wewe kijana uliyesimama hapo mlangoni na barua. Ya nani hiyo?"

Ukumbi ukageuka.

"Ya huyu dada," alisema Ntandu.

"Inasemaje?"

Ntandu alifungua mdomo. Hakuna kilichotoka. Aliitazama barua, akamtazama Sikitu, na Sikitu hakumsaidia. Hakuinamisha macho kama ilivyokuwa desturi yake. Watu hamsini wenye chuma shingoni walimngoja yule mtu mwenye koo zima. Zikapita sekunde nane, zikapita kumi na tano. Hakuna aliyekohoa kumharakisha, hakuna aliyemkata.

"Ni ya kumfukuza kazi," alisema hatimaye. Sauti yake ilikuwa nzito. "Nilitaka asaini ile ya nane. Akasema hasaini mpaka mwulizwe."

Gwao aliivua kofia yake, akaishika kifuani.

"Binti," alimwambia Sikitu, "mimi umeniandika nane?"

"Ndiyo, Mzee."

"Iache hivyohivyo, sibadilishi. Lakini isitiwe saini mpaka mtu wa mwisho awe ameulizwa." Akamgeukia Ntandu, akaketi kama mtu asiyekusudia kuondoka. "Na hiyo barua yako, bwana, nayo ingoje foleni."